Moyo Ulioegemea Kulia

Dancille alijua moyo wa binti yake uko upande gani, na kwa miaka kumi na mitatu hakumwambia mtu. Hakumwambia padri kwenye maungamo. Hakumwambia mumewe Nizeyimana, aliyekufa bila kujua. Hakumwambia hata binti mwenyewe, Munezero, ambaye ndiye aliyeubeba moyo huo kifuani mwake.

Alilijua jambo hilo Munezero alipokuwa na miaka saba, wakati bado wanalima maharagwe Masisi. Mtoto alikuwa anakohoa tangu alipozaliwa. Alikohoa masika, akakohoa kiangazi, pua yake haikukauka hata siku moja, na majirani wakaanza kuwakataza watoto wao kula naye sahani moja, maana kila mtu alishaamua kwamba ni kifua kikuu. Dancille akamshika mkono wakateremka hadi Goma, kwa daktari mmoja mzee aliyeitwa Constant. Fundi wa mashine akapiga picha ya kifua, akaiinua dirishani, akasonya, akasema ameiweka vibaya. Akapiga ya pili, na safari hii alimbandika mtoto pini kwenye bega la kulia ili asikosee tena. Picha ikatoka. Pini ilikuwa kulia, na moyo ulikuwa kulia pia.

Daktari Constant aliinuka akafunga mlango. Dancille akamvuta mtoto karibu, kwa kuwa daktari anayefunga mlango hajawahi kuwa na habari njema.

"Mama, mutoto haina kifua kikuu," alisema. "Moyo yake iko ngambo ya kuume. Ini yake iko kushoto. Vyote viko, vyote vinatumika, lakini vimegeuka."

"Nani alimugeuza?"

Mzee wa watu alikuwa na subira. Alichukua karatasi akachora kitu kama haragwe. Mtoto akiwa tumboni, alieleza, katika wiki ya tatu hana kulia wala kushoto. Pande zake mbili ni zilezile. Halafu katikati yake kunatokea kishimo kidogo mno, na ndani ya kishimo mna vinywele ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinywele hivyo vinazunguka, vyote kwa namna moja, na kwa kuzunguka kwake vinasukuma maji ya kishimo yaelekee kushoto. Upande unaopata yale maji ndio unaojua kwamba wenyewe ni kushoto, na moyo, ambao wakati huo ni kamrija tu, ukianza kujikunja unakuwa umeshaambiwa uegemee wapi. Kwa Munezero, vinywele vilisimama. Maji yakatulia. Na maji yakitulia mwili hauna wa kuuelekeza, unabahatisha: nusu ya watoto wa namna hiyo wanatoka kama sisi, nusu wanatoka wamegeuka. Vinywele vya aina hiyohiyo ndivyo vinavyofagia makohozi kifuani, na kwa kuwa vyake havifagii, atakohoa maisha yake yote.

"Na nikuambie yote, mama," aliongeza taratibu. "Vinywele kama vile vinasaidia na yai ya mwanamuke kutembea. Akikomaa, pengine kuzaa itamukawilia. Pengine atazaa tu bila shida. Pengine hapana."

Dancille hakuwa amefika huko. Alikuwa bado kwenye wiki ya tatu, anahesabu kwa vidole chini ya kitenge. Wiki hiyo alikuwa porini. Askari walikuwa wamepanda kilima chao alfajiri, naye alikimbia siku nne katika mvua bila kujua kwamba ana mimba.

"Dokta, ile wiki nilikuwa nakimbia. Njo vita ilisimamisha ile mayi?"

"Hapana, mama. Inatoka mu damu, yako na ya baba yake. Muko ndugu?"

Walikuwa ndugu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, ndoa ambayo wazee wa ukoo waliipigia makofi. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuamini. Vita vilishamchukulia kaka wawili na nyumba. Havikushindwa kuingia na tumboni.

Aliporudi Masisi aliichoma ile picha jikoni, ikanuka plastiki siku mbili, na mumewe akaambiwa ni bronshiti. Wewe unayemwona mwongo hujakaa kwenye vilima vile. Likitoka neno kwamba msichana fulani amepinduka ndani, kwamba pengine hatazaa, nani atabisha hodi? Dancille alimpenda mtoto huyu kufa kupona, na aliona hakuna ukuta mwingine wa kumjengea isipokuwa kunyamaza.

Miaka ikapita, na vita vikawasukuma tena. Nizeyimana alifia kambini. Mama na binti wakaishia chumba kimoja Majengo, mtaa wa Goma. Munezero akawa anauza samaki wadogo sokoni Kituku, kando ya ziwa, anakohoa huku anapima, na kikohozi hicho hakikumzuia Ruffin, kijana mwenye pikipiki, kununua samaki kila siku hata siku ambazo hakuwa na jiko la kuwapikia. Mama yake Ruffin, Annonciata, alikuwa mjane aliyefua nguo katika ua mmoja wa shirika huko mtaa wa Himbi, na alipewa nyumba ndogo nyuma ya ua huo. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa, na Dancille alimwogopa kama mtu anavyomwogopa yule anayemdanganya.

Maana uongo ulishasemwa hadharani. Mwezi wa kumi na mbili familia ya Ruffin ilikuja kuomba mchumba, na msemaji wao, kama desturi inavyotaka, akauliza mbele ya watu wote kama mtoto ana ila yoyote waliyofichwa. Mjomba wa Dancille akajibu kwa kujidai kwamba mtoto wao ni mzima tangu utosini hadi kwenye kucha. Watu wakacheka, vinywaji vikafunguliwa, na Dancille akatazama mikono yake. Harusi ikapangwa mwezi wa pili. Baada ya hapo atazaa au hatazaa, alijiambia, lakini atakuwa kwake.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza, na mizinga ikakaribia Majengo.

Bibi harusi haingii nyumbani kwa wakwe kabla ya siku yake. Dancille alilishika hilo hata risasi zilipoanza kutoboa mabati ya jirani. Annonciata ndiye aliyelivunja. Alimtuma Ruffin na pikipiki awabebe wote wawili, akawapokea langoni Himbi mikono kiunoni.

"Vita haijue desturi yetu, mama Munezero," alisema akicheka. "Ingia. Mungu akiuliza, atajibiwa na miye."

Walilala pale siku mbili, sakafuni, mbali na madirisha. Umeme ulikatika, kisha maji. Annonciata alipika ugali kwa makaa ya mwisho na akawatania kwamba harusi imeanza mapema bila kadi. Dancille alicheka shingo upande. Tangu alipovuka lile lango aliona kama nyumba yenyewe inamwuliza swali la yule msemaji.

Siku ya tatu asubuhi, Munezero alishikwa na kikohozi. Alizoea tangu utoto kutoka nje akikohoa, asiwachoshe watu. Alitoka uani, mkono mdomoni, na bomu likaangukia ukuta wa jirani. Walimkuta amekaa chini, ameshika kwapa la kulia, anashangaa. Kidonda cha kipande cha bomu kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Damu haikuwa nyingi nje, na hilo ndilo lililomtisha Annonciata, aliyewahi kuona vidonda vya namna hiyo.

Ruffin alimbeba mikononi hadi hospitali ndogo iliyokuwa mitaa miwili mbele, akina mama wakimfuata wameinama pembezoni mwa kuta. Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu walilala ukumbini, kwenye ngazi, chini ya meza za mapokezi. Jenereta ilikuwa imezimika kwa kukosa mafuta, kwa hiyo hapakuwa na taa, na mashine ya picha ilisimama kama kabati tupu. Ruffin alimlaza mchumba wake sakafuni, kichwa kwenye paja la Annonciata, akatoka mbio kutafuta mafuta.

Muuguzi aliyeitwa Bénita akapiga magoti. Aliweka kipimo chake kifuani, upande wa kushoto, akasikiliza, akakunja uso. Akakisogeza, akasikiliza tena.

"Moyo naisikia kwa mbali sana," alimwambia daktari. "Anaenda, dokta."

Daktari Védaste alikuwa kijana, ana damu hadi viwikoni, na hakuwa amelala tangu Jumamosi. Aligonga kifua cha Munezero kwa vidole, akasikia upande wa kulia umejaa. "Damu imejaa ngambo ya kuume, inamubana pumzi. Leta tiyo na ile chuma yake. Hakuna fasi ya kungoja picha." Bénita akafungua pakiti. Mlikuwa na mrija mnene na, ndani ya mrija, chuma chenye ncha kali, urefu wa shibiri mbili. "Kuume tunaingia bila woga," alisema daktari, zaidi kujituliza mwenyewe. "Moyo iko ngambo ingine."

Dancille aliitazama ile ncha. Alijua chuma kile kinakwenda kukutana na nini.

Sema, alijiambia. Maneno matatu tu. Lakini Annonciata alikuwa pale, amekishika kichwa cha Munezero kwa mikono miwili, amefumba macho, anamsomea Salamu Maria sikioni, haoni chuma wala hasikii la daktari. Angenong'ona? Mizinga ilikuwa inatikisa madirisha. Daktari na muuguzi, walioinamiana kichwa kwa kichwa, walisemezana kwa kupiga kelele. Chochote ambacho Dancille angesema, angekisema kwa sauti ya kusikika mlangoni. Angesema: mtoto huyu amegeuka, nimejua, nikawaacha mje na vinywaji vyenu, nikawaacha mwulize na mkajibiwa. Akaona binti yake amepona na ameachwa. Akaona Kituku nzima inamnyooshea kidole. Na bado, niseme ukweli, hakufikiri hata mara moja kunyamaza kabisa. Alitafuta tu njia ya kusema bila kusikika na mtu mmoja.

"Mama Ruffin," alipaza sauti, "midomo ya mutoto imekauka. Tafuta mayi."

Annonciata aliinua uso. "Mayi? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tafazali."

Bomba la hospitali lilikuwa limekauka tangu jana. Walipoingia tu, mlinzi alikuwa anawatangazia watu wasihangaike nalo. Dancille alimsikia. Annonciata, aliyekuwa mbele anamfungulia Ruffin njia, hakumsikia. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya ziwa. Dancille alilijua hilo pia, na katika dakika ile aliliona kama bahati, kwa sababu mtu anayekwenda mbali anachelewa kurudi.

Annonciata alimkabidhi kichwa cha mtoto, akabusu kipaji cha uso wake, akachukua bidoni la njano la kuchotea maji lililokuwa ukutani, akapita katikati ya watu akiomba radhi kulia na kushoto. Dancille alingoja kitenge chake kipotee mlangoni. Daktari alikuwa tayari ameshapaka dawa na kuhesabu mbavu.

"Dokta, ngoja! Moyo yake iko kuume!"

"Mama, utoke hapa."

"Moyo iko kuume! Walipiga picha akiwa mutoto. Ini kushoto, yote imegeuka. Wekea hiyo kitu yako huku, sikiliza!" Na alikishika kipimo cha Bénita mwenyewe akakibandika upande wa kulia, juu karibu na mfupa wa kati, kwa nguvu kama mtu anayekanda unga.

Bénita alisikiliza. Macho yake yakapanuka. "Dokta," alisema, "njo iko hapa."

Védaste alikichukua kipimo akasikiliza mwenyewe. Kisha aliweka ile chuma chini. Akachukua kisu kidogo, akasogea juu na nyuma zaidi, karibu na bega, akapasua, akaingiza kidole kwanza kupapasa njia, ndipo akaupitisha mrija wenyewe, taratibu, bila chuma. Damu nyeusi ikashuka kwenye chupa. Munezero akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu uani.

"Kama ningeingiza kule nilitaka," daktari alisema, "ningemuua na mikono yangu. Mbona mama hukusema pale pale?"

Dancille alilia kwa furaha, kamasi na machozi pamoja, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Siri ilikuwa salama na mtoto alikuwa hai. Alikaa akiisikiliza ile pumzi. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Alianza kutazama mlango.

Ruffin ndiye aliyerudi kwanza, ana galoni nusu ya mafuta, akamkuta mchumba wake anapumua. Alipiga magoti akaushika mguu wa Dancille. Baada ya hapo akauliza mama yake yuko wapi.

"Alienda mayi," alisema Dancille.

Walisikia kabla ya kuona. Wanaume walikuwa wanaingia uani na machela za milango na mabati, wakipiga kelele kwamba bomu limeangukia watu waliokuwa wakichota ufukweni, upande wa Kituku. Wengi wao walikuwa wanawake. Ruffin alitoka. Dancille alibaki na kichwa cha binti yake pajani, na kupitia dirisha lisilo na kioo akaona kitenge anachokijua kimetandikwa juu ya mtu. Bidoni la njano lilikuwa pembeni, limefungwa vizuri, limejaa. Mtu fulani alikuwa ameona vibaya kuliacha.

Maji hayo hayakupotea. Bénita aliyachemsha, akayagawa kwa majeruhi vikombe vidogo vidogo, na Munezero alipofungua macho jioni hiyo ndiyo aliyokunywa. Dancille ndiye aliyekishika kikombe. Hakuthubutu kukataa.

Walimzika Annonciata siku mbili baadaye, mji ulipokuwa umekwisha kuingia mikononi mwa wengine na barabara zimejaa sare za askari zilizotupwa. Ruffin aliporudi kutoka makaburini alikaa karibu na Dancille kwenye ngazi za hospitali.

"Sasa weye njo mama yangu," alisema. "Sina mwingine."

Alimshika mkono, na Dancille akauacha mkono wake mle kama kitu cha kuazima. Alitamani Ruffin amtukane, amsukume. Kijana alikuwa anamshukuru.

Walikuwa wamekubaliana wasimwambie Munezero hadi mrija utolewe. Siku ya tano alipata nguvu za kuegemea mto. Chumba kilikuwa kimya. Hata risasi za mbali zilikoma, na ukimya huo ulikuwa mzito kuliko kelele. Munezero alikipapasa kidonda cha nyuma.

"Mama, mbona dokta alinipasua juu vile?"

Dancille aliona ni wakati. Angalau hili angelitoa. Alimwinamia akamweleza kwa sauti ya chini, picha na pini, kishimo na maji yaliyosimama, hadi lile la kuzaa. Alingoja machozi. Munezero alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Goma iko kando ya ziwa.

"Mama, najua. Nikilala naisikia inapiga huku. Tangu niko mutoto. Ile ya kuzaa nilisoma mu telefone."

"Unajua?"

"Na Ruffin anajua. Nilimuambia mbele hawajakuja kuniomba, sikutaka kumudanganya. Akaambia mama yake." Munezero alitabasamu, akakohoa, akashika ubavu. "Mama Ruffin alicheka sana. Alisema ni muzuri, siku akinikumbatia moyo yake na yangu zitaangaliana uso kwa uso, za watu wengine haziangaliane. Akasema ya kuzaa ni ya Mungu. Njo akatukataza tusikuambie. Alisema itakupatia haya bule, tungoje utasema weye mwenyewe siku moyo yako itatulia."

Dancille aliushika ukingo wa kitanda. Aliwakumbuka wote waliocheka siku ile ya kuomba mchumba, na katikati yao yule mwanamke mnene, aliyecheka huku anajua.

"Hata pale," Munezero aliendelea, "wakati dokta alitaka kuniingizia ile kitu, nilikuwa nasikia yote, ila mudomo haikufunguka. Nilisema mu roho, mama Ruffin anajua, atamuambia. Halafu nikasikia unamutuma mayi. Mama, mbona haji kuniangalia?"

Dancille angeweza kusema kwamba ni bomu. Angeweza kusema ni vita, na hakuna mtu Goma angembishia, kwa maana wiki ile vita vilibeba lawama za kila mtu.

"Bomba ya hapa ilikuwa kavu," alisema. "Nilijua ilikuwa kavu. Nikamutuma."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, wala hakugeuka, ingawa alishazisikia hatua za Ruffin zikisimama mlangoni.